Ratiba ya Kuinuka

Hapo zamani za juzi, katika nchi ambayo si yetu wala haipakani na yetu, paliamuliwa kwamba taifa liwe na Jumba la Opera. Nasema paliamuliwa kwa sababu katika nchi ile mambo hujiamulia yenyewe, kisha wakubwa hupewa taarifa na kupongezwa. Opera ni kitu gani, hapakuwa na aliyejua. Kamati iliyopelekwa ng'ambo kujifunza ilikaa huko wiki sita, ikarudi na masanduku kumi na manne ya vitu vya nyumbani na ripoti ya kurasa mia mbili. Muhtasari wake ulikuwa huu: opera ni muziki ambao watu huusikiliza wakiwa wamekaa, hawachezi, hawasemi, na mwisho hupiga makofi hata kama hawakuelewa kitu. Mheshimiwa Mlezi wa Taifa alipoisoma sentensi hiyo alisema kwamba huo ndio muziki aliokuwa akiutafuta maisha yake yote.

Jumba likajengwa, likapendeza. Lilikuwa na pazia jekundu, taa za vioo na viti elfu moja na mia mbili. Kiti cha Mheshimiwa kiliwekwa nyuma kabisa ya ukumbi, juu, ili aone kila mtu. Hapo itifaki ikauliza swali: ikiwa Mheshimiwa yuko nyuma na watu wanatazama jukwaa, je, si taifa zima litakuwa limempa mgongo? Wahandisi wakaona aibu kwa kutoliwaza hilo mapema. Viti vyote vikang'olewa na kufungwa upya kwa boliti, vikitazama nyuma. Wataalamu walithibitisha kwamba sikio halina mbele wala nyuma, kwa hiyo hasara haikuwepo.

Mtu pekee aliyepangwa kutazamana na Mheshimiwa juu ya visogo vya wengine wote, kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine, alikuwa mwimbaji.

Mwimbaji mwenyewe aliitwa Bi. Kidawa. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na thelathini kati ya hiyo aliimaliza kwenye harusi za watu, akiimba hadi bibi harusi anasinzia. Barua ya kumteua kuwa Mwimbaji Mkuu wa Taifa ilimkuta akichambua mchele. Aliisoma, akaiweka juu ya mtungi, akaendelea kuchambua. Hakufurahi na hakuogopa. Tangu mwezi wa pili Bi. Kidawa alikuwa amekufa ganzi, na si mguu wala mkono bali yeye mzima. Chakula alikila kwa kukumbushwa. Wakimwambia jambo la kuchekesha alijua kwamba linachekesha, basi, inaishia hapo.

Mwezi wa pili ndipo mume wake, Maalim Hambali, alipokwenda kozi.

Hili neno kozi lahitaji maelezo kwa msomaji wa nchi nyingine. Nchi ile haikuwa na wafungwa, na kila mwaka ilipata cheti kwa sababu hiyo. Ilikuwa na watu walioko kozini. Gari lilikuja mlangoni, vijana wenye adabu wakabisha hodi, wakamwambia mtu kwamba amepata nafasi ya masomo, na yeye akaondoka nao na viatu alivyovaa. Kozi hazikuwa na muda maalumu, kwa kuwa elimu haina mwisho.

Maalim Hambali alikuwa mpiga fidla. Siku moja bendi ya taifa ilipokuwa ikifanya mazoezi, alikuwa akikaza nyuzi zake wakati redio ikipiga wimbo wa taifa, uliorekodiwa kwa sauti ya Mheshimiwa mwenyewe. Hambali akatega sikio, akasema, bila ubaya wowote, kama fundi asemavyo kuhusu meza, kwamba wimbo ule umeimbwa chini ya sauti yake sahihi kwa nusu hatua. Alipewa nafasi ya masomo jioni ileile. Kozi yake iliandikwa kuwa ni ya Usikivu.

Bi. Kidawa hakuwa na dawa ya jambo hilo ila moja. Kila Alhamisi aliumimina mkate, ule wa mchele na iliki aliokuwa akiupenda mumewe, akautia kwenye hotpoti na kuupeleka Ofisi ya Kozi. Alhamisi iliyofuata alirudishiwa hotpoti ikiwa tupu, imeoshwa, na ndani yake fomu yenye mhuri: Mwanakozi amepokea. Mwanakozi amekula. Mwanakozi anashukuru. Fomu zilifika ishirini na tisa. Alizipanga kwenye kabati, na usingizi ukikataa alizitoa na kuzisoma, ingawa maneno yalikuwa yaleyale. Jambo alilolitaka katika dunia hii lilikuwa dogo: ajue kama mumewe yuko hai. Akiwa hai atamngoja, na akiwa amekufa atamkalia eda, avae nguo za mjane, alie na watu waje. Lakini mke wa mwanakozi hangoji wala halii. Huulizwa tu, kila akipita, kama masomo yanaendelea vizuri.

Mkurugenzi wa Jumba la Opera, Bwana Makungu, mtu mnene mpole aliyependa kushika tumbo lake anapozungumza, alilijua hilo. Alimwita ofisini akamwambia kwamba msimu ukifanikiwa, wakubwa watafurahi, na wakubwa wakifurahi kozi hufupishwa. Hakuahidi. Alisema tu kwamba amewahi kuona. Bi. Kidawa akatia saini.

*

Msimu ulipangwa kuwa na matamasha kumi na mawili ya bendi na alasiri tatu za nyimbo. Zilikuwa alasiri, saa tisa kamili, kwa sababu Mheshimiwa hulala mapema na nchi nzima hulala naye. Matamasha hayakuleta shida, maana bendi haitamki maneno. Shida ilikuwa kwenye nyimbo.

Katika nchi ile, kama kwetu tu, mwimbaji akiimba na msikilizaji akaguswa, msikilizaji huinuka akaenda kumtunza kwa noti. Na kila mtu ajua kwamba ubeti aliouinukia mtu, ubeti huo ni wake. Hueleza kwa miguu asiyoweza kuyasema kwa mdomo: hili limenipata mimi, au hili namwambia yule pale, au mimi ndiye nisemwaye hapa na sijali. Bi. Kidawa alilijua hilo kuliko wengi. Miaka ishirini na mitano nyuma, kulikuwa na mwanamke wa mtaa wa pili, Saumu, aliyekuwa akimpitia Hambali barazani na halua. Bi. Kidawa alitunga wimbo, akauimba kwenye harusi ambayo Saumu alialikwa. Ukumbi mzima ukatazama chini. Saumu akainuka, akaenda kwa madaha hadi mbele, akamtunza mwimbaji, akacheka. Kuanzia siku hiyo halua ilikoma, na wanawake wale wawili wakawa marafiki ambao hata ndugu huwaonea wivu.

Sasa fikiria hatari yake kwa serikali. Ukumbi una watu elfu na mia mbili, kila mmoja ana miguu miwili, na hakuna anayejua nani atainuka kwenye ubeti upi. Kamati ya Msimu iliitwa haraka. Penye wengi hapaharibiki neno, na kamati hiyo ilikuwa na watu arobaini na wanne. Walikaa siku tisa. Kuzuia kuinuka kulishindikana, kwa kuwa Mheshimiwa mwenyewe alipenda kutunza. Basi wakaandika Ratiba ya Kuinuka, kijitabu cha rangi ya kijani, kikieleza kwa kila ubeti nani atainuka, kwa hatua ngapi, na uso wake uwe na furaha ya kiwango gani. Noti zilipigwa marufuku, kwa sababu zina picha ya Mheshimiwa na si vyema kumkunja. Badala yake kila mtunzaji alipewa ua moja la plastiki, la kurudisha.

Nyimbo nazo zikapitiwa. Bi. Kidawa aliulizwa ataimba nini kwenye alasiri ya kwanza, akautaja ule wimbo wa Saumu, kwa sababu ndio uliomjia mdomoni. Hakuwa na hila. Mtu aliyekufa ganzi hatungi hila. Kamati iliusoma, ikaambizana kwamba haya ni mambo ya wanawake kugombania mume, ikagonga mhuri wa Hauna Madhara. Iliongeza tu ubeti wa kwanza, unaosifu amani, ili Mheshimiwa apate pa kuinukia. Wa pili ukapewa mawaziri. Wa tatu, uliokuwa kiini cha wimbo wenyewe, akapewa Naibu Waziri wa Maji, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote na hakuwa na mtu wa kumtetea. Hakuna aliyejiuliza zaidi. Ubeti ulikuwa huu:

Alochukua wa kwangu, asimame nimuone,
Sina vita na mwenzangu, wala haja tugombane,
Nataka jibu la kwangu, lini tena tuonane,
Asimame, asimame, niitambue suraye.

*

Siku ya ufunguzi Mheshimiwa alifika kwa wakati, akiwa ametoka kwenye karamu ya pilau aliyoandaliwa kwa heshima ya kuja kwake. Alipanda kwenye kiti chake kule nyuma. Watu elfu na mia mbili wakamtazama kwa furaha ya kiwango kilichoelekezwa. Bwana Makungu akasoma hotuba ya ukaribisho, akasema kwamba mataifa mengine yana opera kwa miaka mia nne na hayajawahi kuwa na nidhamu ya namna hii. Pazia likafunguka.

Bi. Kidawa alitoka akiwa amevaa gauni la rangi za bendera. Mbele yake aliona visogo: vya vipara, vya vilemba, vya mitandio ya hariri. Juu ya visogo hivyo, mbali, aliuona uso mmoja tu. Macho ya uso ule yalikuwa yamefumba.

Mheshimiwa alikuwa amelala. Kisheria hakuwa amelala, kwa kuwa katiba ya nchi ile inasema kwamba Mlezi halali mchana bali hutafakari. Lakini kichwa kilikuwa kimeangukia bega, na mdomo ulikuwa wazi kidogo, na kila aliyekuwa ukumbini aliuona, maana wote walikuwa wamegeuzwa kumtazama.

Bi. Kidawa akaimba ubeti wa amani. Ukafika mwisho, Mheshimiwa hakuinuka. Kiongozi wa bendi akamtazama Bwana Makungu, Bwana Makungu akazungusha kidole: rudieni. Wakarudia. Waliurudia mara kumi na moja. Mheshimiwa alitafakari. Kumwamsha mtu ambaye hajalala kungekuwa ni kosa, na hakukuwa na fomu yake. Hatimaye wakaruka wakaingia ubeti wa pili, mawaziri wakainuka kwa hatua zao saba, wakatunza, wakarudi, wakijipangusa jasho.

Ukaja ubeti wa tatu. Labda ni kule kubadilika kwa ngoma, labda ni lile pilau. Bi. Kidawa alipofika kwenye Asimame, asimame, macho kule nyuma yakafumbuka. Mheshimiwa akatazama huku na huku kama mgeni aliyeshtukia basi limefika. Alikumbuka jambo moja tu, kwamba kulikuwa na mahali pa kuinuka. Akashika ua lake la plastiki, akainuka.

Katika nchi ile hakuna mtu anayekaa Mheshimiwa akiwa amesimama. Hilo watoto hufundishwa kabla ya kuhesabu. Mawaziri wakainuka. Majaji wakainuka, na wakuu wa vikosi, na wenye vyeo vya Ofisi ya Kozi, safu nzima yao, na wahariri wa magazeti, na wake zao. Elfu moja na mia mbili walisimama, serikali yote na jamaa zake, kwenye ubeti ule. Naibu Waziri wa Maji peke yake alichelewa, kwa kuwa alikuwa ameshasimama na hakujua sasa afanye nini, akakaa na kusimama tena.

Bi. Kidawa aliwatazama. Alijua anachokiona, kama ajuavyo kila mtu aliyekulia kwenye harusi. Alitazamia moyo umruke, haukuruka. Mdomo uliendelea na wimbo.

Mheshimiwa akateremka. Vichwa vyote vilimfuata, na kwa mara ya kwanza watazamaji wakatazama jukwaa. Alipanda ngazi tatu kwa taabu, maana naye alikuwa mzee, akamtilia ua mkononi, akamwinamia kama watunzaji wanavyoinama, kumnong'oneza mwimbaji neno la kheri. Watu wote waliomzunguka Bi. Kidawa kwa miezi saba walikuwa wamepewa maelekezo ya nini aambiwe. Mheshimiwa hakuwa amepewa. Hakuna anayempa Mheshimiwa maelekezo.

"Pole na msiba, mama," alisema, na kipaza sauti kilikuwa baina yao. "Hambali alikuwa na mkono mwepesi kwenye fidla. Mungu amlaze pema."

Alisema kwa huruma ya kweli. Hilo Bi. Kidawa hakulisahau, na wala hakuwahi kumsamehe kwa sababu yake.

Maneno yalisikika hadi kwenye vyoo vya ukumbi. Wapigaji wakaacha mmoja mmoja, wa kwanza wa ganuni, wa mwisho wa dumbaki, aliyekuwa mgumu wa kusikia. Bi. Kidawa alilitazama ua, akaona kwenye shina lake kibandiko kilichoandikwa Mali ya Jumba, Rudisha. Aliwaza kwamba ameacha nguo kwenye kamba na wingu lilikuwa limetanda. Akakirudisha kipaza sauti mahali pake, akashuka ngazi, akatembea katikati ya serikali iliyosimama, akatoka nje. Watu wakapiga makofi, kwa sababu ndivyo ripoti ilivyosema kuhusu mwisho.

*

Nyumbani alivua dhahabu, akaoga, akavaa nguo nyeupe, akatandika mkeka. Bi. Saumu alikuja kabla hajaitwa, akafagia, akapika uji, akatuma habari mtaani. Wanawake wakaja. Waliulizana kwa sauti ya chini kama inaruhusiwa kumlilia mwanakozi, mmoja akasema Mheshimiwa ametoa pole hadharani, nani tena wa kukataza? Basi wakalia. Bi. Kidawa alikaa katikati yao na macho makavu, akiwasikiliza kama anayesikiliza msiba wa jirani.

Siku ya nne akaja Bwana Makungu, na jalada. Mjane hakai na wanaume, kwa hiyo alipewa kiti upande wa pili wa pazia la mlango, na Bi. Saumu akasimama kizingitini. Alianza mbali, kwa pole, kwa hali ya hewa. Kisha akaeleza msiba wake yeye. Alasiri mbili za nyimbo zilikuwa zimebaki. Ratiba ina saini ya Mheshimiwa, na saini ya Mheshimiwa haifutwi. Bi. Kidawa lazima aimbe.

Bi. Saumu akamjibu kwamba mwenye nyumba yuko eda.

Hilo Bwana Makungu alikuwa amelitazamia. Akafungua jalada akatoa karatasi ya mwanazuoni wa serikali, akaisoma kwa sauti ya mtu anayeleta habari njema. Eda, kwa mujibu wa sheria, huhesabiwa tangu siku ya kufa na si siku ya kuarifiwa. Marehemu Hambali alifariki tarehe sita ya mwezi wa pili. Miezi minne na siku kumi ilikwisha katikati ya mwezi wa sita, wakati Bi. Kidawa akiwa kwenye mazoezi. Kwa hiyo eda ilikuwa imeshakaliwa, tena akiwa kazini, na hakuna kilichomzuia.

Nyuma ya pazia ilisikika sauti ya Bi. Kidawa, ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Walimchukua tarehe nne."

Bwana Makungu akaitazama karatasi, akaona alichokifanya. Akaikunja. Akasema kwamba tarehe hiyo pengine si rasmi.

"Miezi saba nimeleta mkate," sauti ikasema. "Nani alikuwa anaula?"

Bwana Makungu alishika tumbo lake, kama ilivyokuwa desturi yake anapozungumza. Halafu mkono ule ukaanguka polepole kutoka tumboni, akautia mfukoni, kana kwamba umemkosea. Bi. Saumu alimwonesha njia. Aliondoka ameliacha jalada kwenye kiti, na hakurudi kulichukua.

*

Hata hivyo ratiba haifutwi. Alasiri ya pili ya nyimbo ilifanyika siku yake, saa tisa kamili, na redio ya taifa ikairusha moja kwa moja kama ilivyopangwa. Bi. Saumu alikuwa akitafuta habari za mvua alipoiangukia. Mtangazaji alieleza kwa fahari kwamba pazia limefunguka. Akamtaja mwimbaji kwa cheo chake. Kisha hakukusikika kitu.

Bendi ilikuwa imeagizwa isipige, kwa kuwa bendi inamfuata mwimbaji na mwimbaji hakuwepo. Mtangazaji aliagizwa asizungumze wakati wa wimbo. Walioandikiwa kuinuka waliinuka kwa zamu zao, ubeti baada ya ubeti, na kwenye redio zilisikika nyayo tu, na kikohozi cha mtu mmoja, na viti. Ikafika zamu ya Mheshimiwa, maana alasiri hiyo alikuwa macho. Ukumbi mzima ukasikika ukiinuka pamoja naye, na ukakaa hivyo, umesimama kimya, mbele ya jukwaa tupu.

Bi. Saumu alinyoosha mkono aizime.

"Iache," akasema Bi. Kidawa.

Wanawake wakanyamaza, na wale waliokuwa wakipepeta mchele wakaweka ungo chini. Kimya kile kilikuja kutoka kwenye kila redio ya mtaa, barazani na madukani, maana nchi ile redio ni lazima iwe wazi saa tisa. Kilidumu dakika thelathini na tano, kadiri ya muda uliopangiwa wimbo. Ilipata kama dakika ya kumi Bi. Kidawa alipohisi maumivu kifuani, makali, ya ghafla, kama mguu unavyouma ganzi inapoachia. Akainama. Akalitaja jina la mumewe mara moja, na akalia kwa sauti, hadi makofi ya redioni yalipoanza, na makofi yalipokwisha alikuwa bado analia.